MBEGU YA KUNDE NI AKIBA YA CHAMA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama huko Mohoro, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Katika sherehe ya namna hii ni desturi kuhesabu magunia yaliyopita mizanini. Hesabu hiyo ni njema, na makatibu wetu wataisoma. Mimi nimeombwa niseme juu ya kitu kisichopita mizanini, nacho ni mbegu: zile pishi chache za kunde, choroko na mbaazi anazobakiza mkulima nyumbani baada ya kuuza. Neno langu ni moja tu. Chama kijuacho kuuza mazao, lakini kisichojua mbegu ya wanachama wake imehifadhiwa wapi, kinalinda nusu tu ya mali yake.

Watu wa Mohoro hawana haja ya kufundishwa kilimo cha mlao. Maji ya Rufiji yakipungua baada ya masika, mkulima huufuata unyevu uliobaki, akapanda mahindi, kunde na choroko katika udongo wa mto pasipo kungoja mvua nyingine. Mbegu ifaayo hapo ni ile iwezayo kukomaa kabla ardhi haijakauka. Kule juu kwenye mchanga, penye mikorosho, mbaazi hutakiwa kuwa na tabia nyingine. Kunde ni mzaliwa wa Afrika. Choroko na mbaazi asili yake ni Bara Hindi. Lakini zote zimechaguliwa na wakulima wetu msimu baada ya msimu, na mara nyingi mwenye kuzijua kwa tabia zake ni mama wa nyumba.

Mji huu umeona mengi. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga hapa Kinjikitile Ngwale, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza huko Umatumbi. Na moja ya sababu za vita ile ni watu kulazimishwa kulima pamba. Mwaka 1968 yalikuja mafuriko makubwa, yakafuatwa na Operesheni Rufiji, iliyowahamishia watu wengi wa bondeni katika vijiji vya juu. Tena Aprili 2024 maji yalifunika nyumba na mashamba katika Rufiji na Kibiti, Mohoro ikiwamo. Siku kama hizo unga wa msaada huweza kuletwa kwa lori. Lakini mbegu ya kunde iliyozoea mlao haimo katika lori lile, wala haimo katika duka la pembejeo. Ikichukuliwa na maji nyumba zote za kijiji, imekwenda.

Zaidi ya hayo, tangu Desemba 2022, maji yalipoanza kujazwa katika Bwawa la Julius Nyerere, hatuwezi kudhani kwamba mto utakwenda mwendo ule ule waliouzoea wazee. Kwa hiyo yatupasa kuwa na mbegu za tabia nyingi, ikomaayo upesi na ikomaayo pole pole, ili mwaka ukigeuka tusikose cha kupanda.

Basi mbegu hutunzwaje? Kwanza, huchaguliwa shambani, haichaguliwi ghalani. Funga kitambaa katika mashina yenye afya na maganda mengi, uyavune peke yake. Shina lenye majani ya batobato liache hata likizaa sana, maana ugonjwa huo waweza kupita ndani ya mbegu.

Pili, kunde na choroko hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo aina mbili zaweza kupandwa jirani kwa kuachana hatua chache. Mbaazi sivyo. Nyuki huchanganya chavua zake. Atakaye mbegu safi aitenge aina moja na nyingine kwa mita 200 au zaidi.

Tatu, mbegu ianikwe juu ya mkeka hadi ikauke barabara. Ukiwa na shaka, tia mbegu na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise, ungoje robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mbegu bado ina maji.

Nne, jihadharini na mdudu. Mdudu wa kunde huanza kutaga mayai shambani juu ya maganda, kwa hiyo mbegu ionekanayo safi yaweza kuingia ndani pamoja na adui yake. Wazee walichanganya mbegu na jivu jingi, nao hawakukosea. Dumu lenye mfuniko wa kubana, likijazwa mpaka shingoni, humnyima mdudu hewa akafa. Mifuko ya PICS, iuzwayo siku hizi, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo; utafiti wake ulianzia Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, tena kwa ajili ya kunde.

Tano, kabla ya kupanda, weka mbegu 100 katika kitambaa chenye unyevu. Baada ya siku saba, zikiota 80 au zaidi, panda bila hofu. Zikiota 60, ongeza mbegu shimoni. Zisipofika nusu, tafuta nyingine mapema.

Wako wanaouliza juu ya soya, ambayo ilijaribiwa nchini huko Amani, Usambara, tangu mwaka 1907. Soya ni zao jema, lakini mbegu yake ina ganda jepesi, huumia ikipigwa kwa nguvu, na katika joto na unyevu wa pwani hupoteza uhai kwa miezi michache. Tena huhitaji bakteria wake maalum mizizini. Atakaye kuijaribu aanze na kipande kidogo, asiuache mlao wake wa kunde.

Sasa nalileta ombi langu mbele ya Halmashauri. Kila chama cha msingi kiwe na akiba ya mbegu katika mahali pawili: sehemu moja kijijini, na ya pili kwa chama mwenzake kilicho juu, yasikofika maji. Mwanachama akikopa pishi, arudishe pishi na kibaba baada ya mavuno. Kila dumu liandikwe jina la aina, shamba ilikotoka na mwaka. Kina mama wawemo katika kamati, maana wao ndio wenye elimu hiyo.

Kuuza mbegu ni jambo lingine. Liko chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na TOSCI ndiyo ikaguayo. Iko pia ngazi ya mbegu ya kuazimiwa ubora, iliyowekwa kwa ajili ya wakulima wadogo. Tuwaulize maafisa kilimo kabla ya kuuza hata kilo moja. Wala tusizidharau mbegu za watafiti wa Ilonga, Kilosa, kama kunde za Tumaini na Fahari. Tuzijaribu kando ya zetu, na shamba litoe hukumu.

Ndugu wanachama, wazee walisema akiba haiozi. Akiba ya mbegu huoza isipotunzwa, na huisha isipopandwa. Kwa hiyo mavuno ya msimu huu, kabla gunia la kwanza halijafika mizanini, kila mmoja wetu atenge pishi moja ya mbegu njema kwa akiba hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho kitakachotupandia mwaka wa shida.