Dada Aitwe Sebuleni

Msikilizaji, tupige hesabu ndogo. Mtoto wa miaka mitatu huwa macho kama saa 12 kwa siku, yaani saa 84 kwa wiki. Akiwa na usonji, au amechelewa kusema, mtaalamu wa lugha na tabia akija nyumbani mara moja kwa wiki hukaa naye saa moja. Saa 83 zilizobaki ni za nani?

Hapa Ruiru na Thika jibu tunalijua. Kabla hakujapambazuka vizuri, baba na mama wako kwenye matatu, na msongamano wa Githurai unawangoja. Wakirudi, mtoto anasinzia. Aliyemwosha, akamlisha na kumtuliza alipopiga mayowe ni dada wa kazi. Lakini siku mtaalamu anapobisha hodi, dada huyo hutumwa jikoni kupika chai.

Maoni yangu ni haya: dada aitwe sebuleni, afundishwe pamoja na wazazi.

Tiba ya nyumbani kwa mtoto mwenye usonji, au aliyechelewa kusema, haihitaji mashine. Kikombe cha uji huwekwa mahali mtoto anakiona lakini hakifikii. Mtu mzima huchuchumaa, macho yao yakutane, kisha hungoja. Mtoto akinyoosha kidole au akivuta nguo, ameomba. Aambiwe "uji", apewe papo hapo. Siku akilisema neno hilo mwenyewe, aongezewe la pili: "leta uji". Kunawa mikono nako hukatwa vipande: fungua mfereji, paka sabuni, sugua, suuza. Hujifunza kipande kimoja baada ya kingine, akisifiwa kila anapofaulu. Sasa niambie, kati ya hayo, ni lipi ambalo dada halifanyi kila siku?

Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafunza walezi wa watoto wa aina hii: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Umetungwa ili uendeshwe hata na watu wasio mabingwa, na watafiti wameufanyia kazi hapa Kenya na nchini Ethiopia. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, wanaoingia nyumba kwa nyumba. Kaunti yetu ya Kiambu ikiwafunza wake mambo haya, wataifikia ploti ambayo mtaalamu haifikii.

Kuna jambo jingine linalomfunga dada mdomo. Wazazi wengi huamuru mtoto azungumziwe Kiingereza pekee, wakidhani lugha mbili zitamchanganya. Tafiti hazijaonyesha kwamba lugha mbili humchelewesha zaidi mtoto mwenye usonji. Ukimlazimisha dada aongee Kiingereza asichokimudu, atasema maneno machache, tena bila uchangamfu. Mwache aimbe na kutania kwa lugha anayoijua vizuri.

Sisemi wataalamu waachwe. Mtoto asiposema, kwanza apimwe masikio. Apelekwe hospitali ya Thika Level 5, au kwenye kituo cha tathmini cha Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE) kule Kasarani, kando ya barabara hii hii ya Thika tunayoipita kila siku. Na anayekuuzia dawa ya kuponya usonji, mpite; dawa hiyo haipo.

Najua mtaniuliza: dada leo yuko, kesho kahama, si tutakuwa tumefunza bure? Basi hatua ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, ili anayekuja aanzie pale mwenzake alipoishia. Nao wazazi wabaki na zamu yao, ya kumlaza mtoto jioni na ya Jumapili nzima, wasije wakakabidhi malezi yote. Ila tuseme ukweli: dada wengi huhama kwa sababu ya malipo duni. Ukimwongezea kazi ya kumfundisha mwanao kuongea, mwongezee na mshahara.