Popo katika Nyumba na Ghala

Ndugu zangu walimaji, na ninyi wenye maduka, sikilizeni. Leo sisemi habari ya mbegu wala ya mbolea. Nasema habari ya popo wanaokaa juu ya vichwa vyetu, chini ya manjanja, kwa sebabu kila nikipita mukini watu wananiambia: «Moniteri, utupe dawa ya kuwaua.»

Mimi ninajibu: dawa hiyo sina, na kama ningekuwa nayo nisingewapa. Wengine wanacheka. Wanasema, huyu anahurumia popo kupita watu. Hapana, ndugu. Harufu ya mavi yao naijua, nimelala ndani yake. Nitawaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe.

Nyumba ya baba yangu ina manjanja, na dari ya matete. Popo wadogo, wale wenye mkia kama wa panya, walikaa humo wengi sana. Siku moja, mchana, nilipanda ngazi nikaziba matundu yote kwa potopoto. Nilijisifu. Lakini neno moja sikulifikiri: mchana popo wote wamo ndani, wanalala. Sikuwafungia nje, niliwafungia ndani. Usiku walitafuta njia, wakapenya katika matete, wakaanguka katika chumba cha watoto. Wengine walikufa juu ya dari, na harufu ya siku ya tatu tusiiseme. Ndogo yangu, mtoto wa kike wa miaka sita, aliokota mmoja kwa mkono, naye akamuma kidole.

Hapa musikie vizuri. Popo anaweza kuwa na ugonjwa wa jamii moja na wazimu wa mbwa. Si wengi walio nao, lakini kwa macho huwezi kumtambua. Na ugonjwa ule ukiisha kuonekana katika mtu, hapana dawa, anakufa. Tuliosha kidole kwa maji mengi na sabuni robo saa nzima, nikampeleka hospitali kwa baisikeli. Akachomwa sindano siku ile, akarudi kwa nyingine siku zote alizoambiwa. Mtoto ni mzima. Mama hakunigombeza, alinitazama tu, siku nyingi.

Basi munaona, popo aliyefungiwa au aliyelewa sumu ndiye anayeanguka chini, penye watoto na paka. Popo mzima anaruka usiku, humgusi naye hakugusi. Tena sumu ikitiwa juu ya ghala inashuka katika magunia ya mahindi na maharagi, na ninyi mutaikula.

Kuna habari nyingine, ya popo wengine, wale wakubwa wanaokula matunda na kukaa mapangoni. Hao si wale wa nyumba zetu, lakini mambo yao yanatufundisha. Katika Kongo yetu, huko Durba, tangu mwaka 1998 mpaka 2000 ugonjwa wa Marburg uliwashika watu 154, wakafa 128. Wengi wao walichimba zahabu katika shimo lenye popo. Katika Uganda, shimo la Kitaka, wachimbaji walishikwa na ugonjwa uleule mwaka 2007. Wenye shimo wakasema: tuwaue popo wote. Wakawaua mwaka 2008. Je, ugonjwa ukaisha? Popo wengine walirudi kidogo kidogo katika shimo tupu. Mwaka 2012 Marburg ilitokea tena katika upande ule wa Uganda, na waganga walipopima popo wa Kitaka waliona wagonjwa 13 katika 100. Mbele ya kuua walikuwa 5 tu katika 100. Kazi ile yote, na hatari ikazidi.

Na wale wadogo wa nyumbani, kazi yao ni nini? Wanakula vidudu vya usiku, na nondo wanaotaga mayai katika mashamba yetu. Tena popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, si kama panya. Ukiua wengi, hawarudi upesi. Mimi nataka watoke katika nyumba, wabaki katika shamba.

Sasa namna ya kuwatoa. Jioni, jua likishuka, simama nje na mwenzako, kila mtu upande wake wa nyumba, mutazame wanatokea wapi. Musidharau tundu dogo: panapoingia kidole gumba, popo anapita. Utaona pia alama nyeusi ya mafuta ukutani, na mavi chini yake.

Wakubwa wakiisha kutoka, sikiliza juu ya dari. Ukisikia sauti nyembamba, ni watoto wasio na manyoya bado. Acha kazi, ungoje kadiri ya majuma sita, hata waruke wenyewe, kisha usikilize tena. Usitegemee mwezi wa kalenda, maana popo hawa katika nchi yetu huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Najua mwenye duka hapendi kungoja. Lakini ukimfungia mama nje, watoto watakufa na kuoza juu ya sukari yako.

Kama watoto hawapo, ziba kwanza matundu ambayo hawayatumii. Katika yale wanayotumia, tia chupa kubwa ya plastiki, ya litre moja na nusu, iliyokatwa chini na shingoni, iwe kama bomba. Iinamishe kuelekea chini, ncha ya ndani isipite sana katika tundu, na uzibe pembeni yake. Popo atateleza na kutoka. Akirudi alfajiri, kucha zake hazishiki plastiki. Kama pana ufa mrefu, pigilia juu yake kipande cha plastiki, kifungwe juu na pande mbili, chini kiwe wazi, kining'inie nusu ya metre. Chandarua munacholalia musikikate kwa kazi hii!

Acha hivyo siku saba. Usiku wa mvua nyingi popo wengine hawatoki, kwa hiyo siku mbili hazitoshi. Jioni ya mwisho utazame tena. Asipotoka hata mmoja, na juu pakiwa kimya, ondoa chupa, uzibe kwa potopoto ngumu au simenti.

Mavi musiyafagie makavu: vumbi lake linaleta ugonjwa wa mapafu. Hamisha magunia, funga kitambaa puani na mdomoni, nyunyiza maji kwanza, kusanya, uzike. Na popo akiingia chumbani, toa watoto, zima taa, fungua dirisha. Akianguka, mfunike kwa kopo, usimguse kwa mkono mtupu.

Mwaka uliofuata popo walirudi kwa baba, nikafanya kazi mara ya pili, kwa chupa. Jioni ya saba tulikaa nje sote, hatukuona popo. Asubuhi nikaziba tundu la mwisho, na ndogo yangu akanishikia ngazi.