Ua ndani ya strungi: karafuu, rosela, asmini na waridi lisilofaa kunywewa

(Maelezo kwa wauzaji chai na wakazi wa mtaa wa Kaloleni)



Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kuwapa makao wafanyakazi wa jiji, na wafanyakazi hao hawakuondoka nyumbani bila kikombe. Chai ya rangi, strungi, ambayo watu wa Pwani huiita turungi, haihitaji kutambulishwa hapa. Siku hizi kuna pakiti madukani zenye chai iliyochanganywa na maua, bei yake si ya mchezo, na wapo wanaojiuliza kwa nini wasijitengenezee nyumbani au kibandani. Wanaweza. Lakini kabla ya kuweka sufuria motoni kuna swali moja la kujibu: ua hilo lilikuzwa kwa kazi gani?

Ua la kwanza tayari limo jikoni. Karafuu ni ua. Si mbegu, wala si gome kama mdalasini. Ni tumba la mkarafuu linalochumwa kabla halijafunguka. Likishachanua, thamani yake hushuka. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Mkarafuu ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ukaenea wakati wa Sayyid Said, na hadi leo Pemba ndiyo yenye mikarafuu mingi. Matumba huanikwa juani siku kadhaa mpaka yageuke kahawia. Ukiichunguza karafuu nzima utaona kichwani pake kipunje cha mviringo: hizo ni petali zilizojikunja, hazikupata nafasi ya kufunguka.

Basi anayeuza strungi ya karafuu kando ya Barabara ya Jogoo anauza chai ya maua, ajue asijue.

Tatizo ni kwamba karafuu huweza kukamuliwa mafuta yake kisha ikauzwa kama kawaida. Jaribio lake ni rahisi. Tia chache kwenye glasi ya maji. Zenye mafuta huzama, au husimama wima vichwa vikiwa juu. Zilizokamuliwa hulala juu ya maji. Fanya hivyo kabla ya kununua kilo nzima.

Namna ya kuipika nayo ina maana. Majani mengi ya chai ya Kenya husagwa kuwa punje ndogo, kwa hivyo hutoa rangi upesi na ukali upesi. Karafuu haina haraka. Ukivitia pamoja, ama chai inakuwa chungu au karafuu haionjeki. Kwa lita moja ya maji, chemsha karafuu nne au tano kwa dakika tano hivi, ndipo utie majani, uzime moto na ufunike dakika tatu. Karafuu zikizidi, kikombe kinanuka kama kwa daktari wa meno. Si ajabu: mafuta ya karafuu yametumika tangu zamani kutuliza maumivu ya jino.

Ua la pili ni rosela. Watanzania huiita choya, Wasudani karkade. Inayokaushwa ni ile sehemu nyekundu nene iliyo chini ya ua, inayobaki petali zikianguka. Ina uchachu, na uchachu huo una mambo mawili. Kwanza, maziwa hukatika ndani yake, kwa hivyo ni ya strungi peke yake. Pili, sufuria nyingi za Nairobi ni za alumini, na vitu vichachu hula alumini. Chemsha maji kwenye sufuria yako ya kawaida, kisha uyamimine juu ya rosela ndani ya birika la chuma cha pua, la kauri au la glasi. Anayetumia dawa za shinikizo la damu aongee na daktari kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku, kwa kuwa rosela nayo huweza kushusha shinikizo.

Asmini ni kazi ya subira. Huchanua usiku, na watengenezaji wa China huyapanga maua mabichi kati ya majani makavu ya chai usiku kucha, kisha huyaondoa. Kinachobaki ni harufu. Ukiwa na mmea wa asmini unaoujua, usionyunyiziwa dawa, njia hiyo inawezekana hata kwenye kopo la chai. Usiyachemshe.

Sasa waridi, na hapa ndipo penye hatari. Nairobi imekaa kati ya chai na waridi. Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, safari isiyofika kilomita 40 kutoka hapa, na mawaridi yanatoka Naivasha. Baada ya sikukuu ya wapendanao mwezi Februari, au baada ya harusi, mtu anabaki na ndoo ya maua mazuri na anaona hasara kuyatupa. Ayatupe. Waridi la shada halikukuzwa kuwa chakula. Hunyunyiziwa dawa za ukungu na za wadudu ili lifike sokoni bila doa, na kwa kuwa si chakula, halipimwi kama chakula. Kuliosha hakutoshi, na kulichemsha si dawa. Waridi la kunywa ni lile lililokuzwa na kufungashwa kwa ajili ya kuliwa, na pakiti yake husema hivyo. Marashi nayo yako ya aina mbili: ya kutia kwenye chakula na ya kunyunyizia wageni. Soma lebo.

Maua ya uani pia si ya kubahatisha. Yale meupe marefu yanayoning'inia kama tarumbeta ni sumu. Huvuruga akili na mapigo ya moyo. Olianda, yenye majani membamba magumu na maua ya rangi ya pinki au meupe, ni sumu kuanzia mzizi hadi ua. Zote hupandwa kwenye nyua za jiji hili kwa urembo.

Chai yenyewe, iwe na ua au isiwe nalo, huzuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye sukuma, maharagwe na ndengu. Mama mjamzito na mtu aliyeambiwa damu yake ni kidogo anywe strungi saa moja kabla au baada ya mlo, si pamoja nao. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita hapewi chai kabisa. Chakula chake ni maziwa ya mama.

Kwa wanaouza: cheti cha afya cha anayeshika chakula hupimiwa upya kila baada ya miezi sita, na strungi ya maua haina msamaha. Weka pakiti ya rosela au ya waridi mahali mteja anaweza kuiona.

Mtu akinywa chai ya ua lisilojulikana akaanza kutapika, kuona maruweruwe au moyo kwenda mbio, msimpe maziwa wala kumtapisha kwa nguvu. Mkimbizeni hospitali, na mbebe tawi la mmea wenyewe, lenye ua na majani, ili daktari ajue anapambana na nini.