Bunduki ya Zamani na Risasi Mpya



Wengi wenu mnaifahamu bunduki ya Lee-Enfield, ile ya kuvuta komeo nyuma na kulisukuma mbele kila mtu atakapo kupiga. Ndiyo waliyochukua askari wa King's African Rifles walipopigana na Wajapani huko Burma mwaka wa 1944. Risasi yake ilikuwa ya .303. Lakini mwaka wa 1954 mataifa ya NATO yalikubali kutumia risasi ya milimita 7.62, ndipo watu wakauliza: Je, bunduki hizi zitupwe, au zaweza kugeuzwa zipokee risasi mpya?

Swali hilo ni jema, kwa kuwa mwenye akili hatupi kitu kizima. Lakini jibu lake lataka uangalifu, maana atakayekosea hatapoteza mali tu. Aweza kupoteza macho au mikono.

Watu hudanganywa na majina. Hiyo .303 ni sehemu ya inchi, nayo ni karibu milimita 7.7, basi mtu husema, "Tofauti ni ndogo kama unywele." Tazameni tofauti zenyewe. Kwanza, ganda la .303 lina urefu wa milimita 56, na la 7.62 lina milimita 51. Pili, ganda la .303 lina ukingo uliotokeza kitakoni, nao ndio unaolizuia lisizame ndani ya mtutu. Ganda la 7.62 halina ukingo wa namna hiyo. Huzuiliwa na bega lake, yaani pale linapopungua unene karibu na shingo. Tatu, kichwa cha risasi ya .303 ni kinene kidogo kuliko cha 7.62. Nne, na hili ndilo kubwa, risasi ya 7.62 hulipuka kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo fundi hawezi kubadili kitu kimoja akaacha vingine. Mtutu lazima uwe mwingine. Ukucha unaovuta ganda sharti ulingane na ganda lisilo na ukingo. Magazini nayo hubadilishwa ili ipeleke risasi sawasawa. Kisha fundi hupima, kwa vipimo maalumu, nafasi iliyopo baina ya uso wa komeo na kitako cha ganda. Ikipungua, komeo halifungi. Ikizidi, ganda laweza kupasuka, na hewa ya moto ikamrudia mpigaji usoni.

Tena meno yanayofunga komeo la Lee-Enfield yako nyuma, si mbele karibu na risasi kama yale ya Mauser. Kwa sababu hiyo chuma chake hunyumbuka zaidi nguvu inapozidi.

Serikali zilizofanya kazi hii hazikuifanya kwa pupa. Waingereza walichukua bunduki za No. 4 zilizokuwa za walenga shabaha, wakazitia mitutu mipya mizito, wakaziita L42A1. Ziliingia kazini mwaka wa 1970, na zilitumika katika vita vya visiwa vya Falklands mwaka wa 1982. Wahindi, baada ya vita vyao na China vya mwaka wa 1962, walishika njia nyingine. Katika kiwanda cha Ishapore hawakugeuza bunduki kuukuu, bali waliunda mpya kwa mfano wa zamani, kwa chuma kilicho imara zaidi.

Huko Uingereza bunduki iliyogeuzwa hivyo haiuzwi mpaka ijaribiwe London au Birmingham kwa risasi yenye nguvu kupita kawaida, kisha ipigwe mhuri. Na hapa Kenya, chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, mtu haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi bila cheti.

Basi, mwenye bunduki ya .303 iliyo nzima, na cheti chake mkononi, ajue kwamba risasi zake zingali zikitengenezwa. Njia iliyo salama ni kuiacha ilivyo. Na akitaka kuigeuza, amwendee fundi wa bunduki mwenye leseni na vipimo, wala asimpe mhunzi wa sokoni, hata akiwa hodari wa majembe. Kuuliza si ujinga. Na jicho likiisha kutoka, hakuna fundi wa kulirudisha.