Si Kila Mkono Unaotetemeka ni wa Mlevi



Katika miji yetu, mtu akionekana anatetemeka mikono asubuhi, hukumu yake hupitishwa papo hapo: "Huyo hajazimua." Nazungumzia jambo ninalolijua. Mikono yangu inatetemeka, na pombe sinywi.

Maradhi haya yanatokana na hitilafu katika sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo wa viungo. Si ugonjwa wa Parkinson. Mwenye Parkinson kwa kawaida hutetemeka mkono ukiwa umepumzika. Wangu ukilala juu ya paja hutulia. Huanza ninaposhika kijiko, ufunguo au kalamu. Kwa wengine hutikisika kichwa, au sauti. Karibu nusu ya wagonjwa wanaye ndugu wa damu mwenye hali hiyo hiyo, na hapo ndipo yanapozuka maneno ya laana ya ukoo. Ni urithi tu, kama ulivyo urefu wa kimo.

Balaa kubwa ni saini. Karani wa benki hulinganisha saini ya leo na ile ya miaka kumi iliyopita, kisha hukutazama kama tapeli, na fedha ni zako. Nimewahi kurudishwa dirishani mara tatu kwa siku moja, foleni ikiguna nyuma yangu. Na kadiri unavyotazamwa ndivyo mkono unavyozidi. Nauliza: benki inayompokea asiyejua kuandika kwa dole gumba, inashindwaje kumpokea mgonjwa kwa dole hilo hilo?

Pombe nayo ina mtego wake. Kwa wagonjwa wengi, glasi moja hutuliza mkono kwa muda mfupi. Ikiisha nguvu, mtetemeko hurudi, pengine kwa ukali zaidi. Hivyo mtu aliyesingiziwa ulevi anaweza kuishia kuwa mlevi kweli.

Dawa zipo. Zinazotumika zaidi ni propranololi, iliyoanza miaka ya 1960 kwa magonjwa ya moyo, na primidoni, ambayo ni dawa ya kifafa. Haziondoi ugonjwa, ila huwapunguzia wengi mtetemeko. Lakini usiazime kidonge cha jirani: propranololi inaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Daktari atakupima kwanza, maana hata tezi ya shingo ikizidisha kazi yake mtu hutetemeka. Wasiosaidiwa na vidonge, wapo wanaowekewa waya ndani ya ubongo, njia aliyoianzisha Profesa Benabid huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Ni ghali, na wengi wetu hatuhitaji kufika huko. Kikombe kizito kilichojazwa nusu, na viwiko juu ya meza, vinasaidia sana.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mwenzangu unayeficha mikono mifukoni, nenda hospitali. Nawe karani, mpe mteja wako kiti aandike taratibu.