Kesi ya Punda Baharini

(Hotuba aliyoisoma mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, katika ukumbi wa chakula siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Ndugu Katibu aliponiandikia barua aliniomba niseme juu ya utumishi wa serikali. Nimemtii nusu. Nitazungumza juu ya wanyama katika mashairi ya Wagiriki wa karne ya 14, na yule atakayefika mwisho bila kusinzia ataona kwamba Katibu hakudhulumiwa.

Kwanza tujue nyakati zenyewe. Dola la Rumi ya Mashariki, ambalo makao yake yalikuwa Constantinople, mji unaoitwa leo Istanbul, lilikuwa linakwisha. Wakubwa walipigana wenyewe kwa wenyewe tangu 1321 hadi 1328, wakapigana tena tangu 1341 hadi 1347. Mwaka huo wa 1347 tauni ikaingia mjini. Mwaka 1354 Waturuki wa Osman wakaitwaa Gallipoli, na baada ya miaka 99 mji wenyewe ukaanguka. Wasomi wa dola hilo waliandika Kigiriki cha kale ambacho hakuna mama aliyembembelezea mtoto wake. Lakini walikuwako watu wengine, ambao hata majina yao hayakubaki, walioandika kwa lugha ya sokoni, na katika maandishi yao wanenaji ni wanyama, ndege, samaki, hata matunda.

Shairi nililolipenda mwanzo ni lile la wanyama wa miguu minne. Nililisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Nick Nicholas na George Baloglou iliyotoka mwaka 2003. Lina mistari zaidi ya 1,000, na linaanza kama kumbukumbu za kikao: tarehe 15 Septemba, mwaka 6873 tangu kuumbwa ulimwengu, ndiyo 1364 kwa hesabu yetu. Mtu aliyekaa ofisini miaka 20 huisikia harufu ya jalada papo hapo. Mfalme Simba anatuma wajumbe kwa wanyama wanaokula majani: tuweke amani, tukutane sote, tuzungumze. Wanakuja. Basi paka anasimama na panya, kondoo na nguruwe, farasi na punda, tembo na nyani, wawili wawili, kila mmoja anamtukana mwenziwe na kujisifu.

Na wanajisifu kwa nini? Hapa ndipo nilipoduwaa. Hawajisifu kwa mbio wala kwa uzuri wa msituni. Wanajisifu kwa manufaa yao kwa binadamu: sufu yangu hufumwa nguo, ngozi yangu hushonwa viatu, nyama yangu huwekwa katika meza za mabwana. Ni kama kusikiliza watu wakishindana nani atachinjwa kwa heshima zaidi. Aliyelitunga shairi hili aliwajua wanyama kwa jicho la fundi viatu na mchinjaji, na kwa hiyo linatufundisha mengi ya karakana na jiko la siku zile kuliko ya porini. Tembo naye anatamba kwa pembe zake zinazopamba viti vya wafalme. (Wa pwani watakumbuka kwamba al-Masudi aliandika katika karne ya 10 jinsi pembe za nchi ya Zanj zilivyopelekwa Oman, na kutoka Oman hadi Bara Hindi na China. Biashara hiyo imekula tembo wetu kwa muda mrefu.)

Matusi yakiisha, Simba anatangaza kwamba amani imekwisha, na wala nyama wanawarukia wenzao. Na wanaoshinda vita ni wale wanaoliwa. Mwandishi wa siku zile za wafalme aliandika hivyo.

Sitakawia kwa ndege, ambao nao wanatukanana katika arusi ya mtoto wa Tai mpaka baba mwenye arusi anawatisha. Wala kwa matunda, ingawa Zabibu, aliyewasingizia wenzake mbele ya mfalme, anahukumiwa atundikwe juu ya mti uliopinda, akatwe kwa visu na kukanyagwa kwa miguu ya watu. Wavulana wa kidato cha nne watafahamu wenyewe kinachotoka hapo, na Mkuu wa Shule anisamehe.

Nilichokijia hasa ni punda.

Shairi lake linaitwa kwa jina la vile vitabu vya maisha ya watakatifu vilivyosomwa kanisani, yaani ni kitabu cha Mtukufu Punda. Baadaye lilitungwa upya kwa vina na kupigwa chapa Venice mwaka 1539, likasomwa na watu wengi wa kawaida. Punda huyu ana bwana mkali, mizigo na fimbo. Anakutana na Mbwa Mwitu na Mbweha, nao wanamwambia kwa upole: njoo, ndugu yetu, tusafiri pamoja. Wanapanda chombo. Mbwa Mwitu ni nahodha, Mbweha anashika usukani. Kasia anapewa Punda. Hapo mtu mwenye akili angalishuka.

Wakiwa katikati ya bahari, Mbweha anasema ameota ndoto ya dhoruba. Hapana budi kila mtu aungame dhambi zake kabla ya kufa. Mbwa Mwitu anaungama: amekula kondoo, amekula mbuzi, amekula wasio na idadi. Mbweha anamwondolea. Mbweha anaungama kuku alioiba, na kuku wa bibi kizee maskini miongoni mwao. Mbwa Mwitu anamwondolea. Kisha wanamgeukia Punda. Anafikiri sana, maana hana la kusema, mpaka anakumbuka kwamba siku moja, akiwa amebeba mboga za bwana wake na njaa imemshika, alikula jani moja la saladi.

Jani moja! Kitabu cha sheria kinafunguliwa, wazee wanakunja nyuso. Tena alilila bila siki, jambo linaloongeza uzito wa kosa. Ni ajabu kwamba chombo hakikuzama. Hukumu ni kifo.

Sheria katika shairi hili haivunjwi hata mara moja. Kitabu kipo na utaratibu unafuatwa. Nafikiri ndiyo sababu watu walilicheka kwa miaka mamia: walimjua hakimu.

Punda anasema basi, nimekubali, lakini nisingependa kufa na siri. Katika kwato yangu ya nyuma mna karama: anayeitazama akiwa amepiga magoti huona na kusikia mambo ya mbali. Mbwa Mwitu anapiga magoti nyuma ya chombo na kukaza macho. Teke moja, naye yumo baharini. Mbweha hakungoja zamu yake, aliruka mwenyewe.

Sisi nasi tunaye punda wetu. Sote tumesimuliwa Kisa cha Punda wa Dobi, alivyodanganywa na Sungura akapelekwa kwa Simba, akaponyoka, akadanganywa mara ya pili, akaliwa. Na alipoulizwa zilipo sehemu zake, Sungura akajibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Kisa hicho ni jamaa ya kile kilichomo katika Kalila wa Dimna, kitabu kilichotoka Bara Hindi kikapita kwa Waajemi na Waarabu. Na Wagiriki walikifasiri kutoka Kiarabu katika karne ya 11. Basi walimjua punda asiye na moyo kama tunavyomjua sisi. Hata hivyo mmoja wao akakaa akatunga punda mwingine.

Sasa nalipa deni la Katibu. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja niliyopangiwa, niliteuliwa kuwa mmoja wa watu watatu wa kamati ya nidhamu. Aliletwa mbele yetu tarishi, mzee aliyenizidi umri, aliyechukua nusu rimu ya karatasi za ofisi ili mjukuu wake afanyie mazoezi ya mtihani. Hakukana. Alisema: ni kweli, nimechukua. Tulifungua kanuni, tukasoma kifungu, tukaandika sahihi zetu tatu, akafukuzwa.

Asubuhi ile ile, kabla ya kikao, tulikuwa tumecheka sisi watatu juu ya posho za safari. Mmoja wetu alijaza siku tano kwa safari ya siku mbili. Mimi niliongeza usiku mmoja. Tulisameheana kwa kikombe cha chai.

Sikuona uhusiano wowote. Nasema kweli, sikuuona, mpaka nilipofika kwenye lile jani la saladi, usiku, nyumbani kwangu, nikafunga kitabu. Siku chache baadaye niliandika barua kuomba shauri lile litazamwe upya, na nikaeleza habari ya usiku wangu mmoja. Ule usiku nilikatwa katika mshahara, na ni haki. Juu ya mzee nilijibiwa kwamba muda wa rufani ulikwisha pita.

Nilimtafuta. Nilimkuta nyumbani kwake anashona mikeka. Nilimsimulia habari za Punda, yote, kuanzia mizigo mpaka teke, naye alicheka vizuri sana mahali pa siki. Kisha akanyamaza, akaniuliza, “Mwanangu, hadithi hii umekwisha kuwasimulia wale wenzako wawili?”

Nikamwambia bado. Nimewasimulia baadaye, na mmoja hatusalimiani tena.

Mjukuu yule alifaulu. Yumo katika shule fulani, si hii, kidato cha tatu. Tafsiri yangu ya shairi la Punda kwa Kiswahili, ambayo ina makosa mengi kwa kuwa niliifanya kutoka Kiingereza, nimemkabidhi mwalimu wa maktaba, kwa yeyote atakayependa kuisoma.