Buu Bwawani, Dawa ya Nyanya Mkononi

Naanza tena na dawa ya nyanya, na nitaisema hadi mnichoke. Ninyi wenye mabwawa ya sato na kambale, wekeni chupa chini mnisikilize.

Mzee mmoja wa Songea alinipeleka bwawani kwake. Vifaranga wa samaki aliopandikiza walikuwa wakipungua kila wiki. Alishamlaumu muuzaji, akamlaumu jirani. Nikaburuta kipande cha chandarua kwenye majani ya ukingoni, na tukamwona mwizi: buu mrefu kama kidole cha mwisho, kichwa bapa, meno mawili yamepinda kama mundu, kifaranga katikati. Huyo ni mtoto wa mbawakawa wa maji. Meno yake yana tundu ndani; humdunga samaki maji ya kuyeyusha nyama, kisha anamfyonza kama soda kwa mrija. Linabaki ganda tu. Ndiyo maana huoni mizoga ikielea, unadhani umeibiwa.

Mzee mbio stoo, karudi na bomba la dawa. Nikamshika mkono. Jamani! Dawa kadhaa za nyanya zina saipamethrini, nayo huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Utamuua buu na sato wako pamoja. Na wapo wanaookota samaki hao wakawapeleka sokoni! Wengine hamna hata buu, mnaoshea tu bomba bwawani mkitoka shamba. Acheni.

Tena mnapoteza dawa bure, kwa sababu mbawakawa mkubwa ana mabawa. Usiku huruka akitafuta maji, hufuata taa na chochote kinachong'aa. Nimemkuta juu ya boneti ya gari, kadhani ni ziwa. Nanyi mnawasha taa juu ya bwawa usiku kucha, mnamwita!

Kosa jingine, mnajaza maji mwezi mzima kabla vifaranga hawajafika. Wakifika, mabuu wameshakua, wana njaa. Jaza siku chache tu kabla. Fyeka majani ya ukingoni, maana humo ndimo mbawakawa anamotaga na kujificha. Mlango wa maji uwekee wavu wenye matundu madogo.

Kule kinamasini mwacheni, anakula viluwiluwi vya mbu.

Mzee wangu wa Songea, kama redio iko wazi: ile taa ya bwawani izime leo, na bomba lirudishe stoo.